Kabla Hujahamia Mtaa wa Mpango: Niliyoyaona Magharibi ya Houston

Wageni wakija kwangu mara ya kwanza, hasa wanaotoka kwenye apatimenti za Alief na Bissonnet, husimama kwenye dirisha la jikoni na kulisifia ziwa. Nawaacha wasifie. Chai ikishachemka ndipo nawaambia kwamba lile ni shimo lililochimbwa na makatapila. Hapa palikuwa mashamba ya mpunga. Kaunti haimruhusu mwendelezaji, yaani kampuni inayogeuza shamba kuwa mtaa, kufunika shamba kwa zege na lami bila kuonyesha maji ya mvua yatakwenda wapi, kwa hiyo huchimba bwawa la kuyapokea, akaotesha nyasi ukingoni, akaweka pampu ya kurusha maji katikati, na viwanja vinavyopakana nalo akaviongezea bei. Sina ugomvi nalo. Jioni pale ni pazuri, na bata wamepakubali. Ila anayekuja kununua ajue kwamba anatazama sehemu ya mfumo wa mitaro, na aulize: likijaa, maji yanaelekea kwa nani?

Naandika haya kwa sababu maswali yamezidi. Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Houston, Texas, ambao zamani ungewakuta wamebanana kusini magharibi ya jiji, sasa wanasogea miji ya pembeni: Katy, Fulshear, Richmond, Cypress, wengine hadi Brookshire. Kwenye sherehe, kwenye msiba, hata kwenye korido za hospitali ninakofanya zamu ya usiku, mtu ananivuta pembeni: "Dada, kule kwenu vipi? Tununue?" Jibu langu huwa refu kuliko subira ya muulizaji, kwa hiyo bora likae kwenye maandishi.

Mtaa wa mpango ni ule ambao kampuni moja imenunua eneo kubwa na kuchora kila kitu kabla ya nyumba ya kwanza: barabara, eneo la shule, eneo la maduka, mabwawa ya kuogelea, mpaka aina ya miti ya kupandwa mbele ya kila nyumba. Kisha viwanja vinauzwa kwa kampuni kadhaa za ujenzi, nazo zinakuuzia wewe. Wamarekani wameanza mambo haya zamani. Kuna Reston huko Virginia ya miaka ya 1960, kuna Columbia ya James Rouse huko Maryland, mwaka 1967, na hapa kwetu kuna The Woodlands, kaskazini mwa Houston, iliyofunguliwa 1974 na George Mitchell, mtu wa mafuta na gesi aliyetaka mji wenye kuacha msitu wa misonobari ubaki umesimama. Wale walikuwa na wazo kichwani, ukubaliane nalo au usikubaliane. Mingi ya leo, kwa maoni yangu, ni nakala ya nakala: geti la mawe, bwawa lenye mto wa kuelea, ukumbi, njia ya kukimbilia, jina lenye neno la shamba au la maji.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba sina meya. Anwani yangu inasema Katy, lakini nyumba haimo ndani ya mji wa Katy wala wa Houston; niko chini ya kaunti tu. Jiji la Houston lenyewe linajulikana kwa kutokuwa na sheria ya kugawa maeneo ya makazi na ya biashara kama miji mingine mikubwa ya nchi hii, na huku nje ndiyo kabisa. Kinachomzuia jirani asigeuze nyumba yake gereji ya magari ni masharti yaliyosajiliwa pamoja na hati ya kiwanja. Kwa hiyo unaponunua hapa unaingia chini ya serikali ndogondogo kadhaa kwa mpigo, na hakuna hata moja utakayoikuta kwenye kipeperushi cha mauzo.

Iliyo muhimu kuliko zote ni mamlaka ya maji ya mtaa, ambayo kila mtu huku anaiita MUD. Sheria ya Texas inairuhusu kukopa kwa hatifungani, yaani vyeti vya deni vinavyouzwa kwa wawekezaji, na kutoza kodi. Mwendelezaji hutanguliza fedha za mabomba, majitaka na mitaro. MUD inakopa, inamrudishia zake. Na deni tunalilipa sisi wenye nyumba, kwa kiwango cha kodi kwa kila dola 100 za thamani ya nyumba. Mtaa ukiwa mchanga, nyumba chache, kila mmoja anabeba sana. Ukijaa na deni likipungua, kiwango kwa kawaida hushuka. Chukua nyumba ya dola 350,000. Kwenye MUD changa inayotoza dola 1.20 kwa kila 100, utalipa dola 4,200 kwa mwaka. Kwenye MUD iliyokomaa ya senti 35, utalipa dola 1,225. Nyumba ni ileile, jiko ni lilelile, barabara ni ileile ya kwenda kazini, na tofauti ni karibu dola 250 kila mwezi. Na hiyo ni MUD peke yake. Kodi ya shule, ya kaunti na ya zimamoto bado hujazigusa.

Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, ndiyo maana watu wanatoka California wakishangilia. Hela ya serikali inatafutwa kwenye nyumba yako.

Kuna fomu ambayo sheria inamlazimisha muuzaji akupe kabla mkataba haujakubana, inayoeleza mambo ya MUD. Watu huisaini bila kuisoma kwa sababu imo ndani ya rundo. Itafute. Ina kiwango cha kodi, halafu ina namba mbili za kukaa nazo na kikombe cha kahawa: jumla ya hatifungani zilizoidhinishwa na wapigakura, na jumla ya zile ambazo tayari zimeuzwa. Tofauti ya namba hizo mbili ni deni ambalo mamlaka inaweza kulichukua siku zijazo bila kuwarudia ninyi kwa kura. Kwenye mtaa mmoja nilioutazama nikiwa na wifi yangu, kilichouzwa kilikuwa sehemu ndogo sana ya kilichoidhinishwa. Binti wa ofisi ya mauzo alipoulizwa akasema kiwango cha kodi "huwa kinashuka". Kweli, huwa kinashuka. Ila kama bado wana hatifungani nyingi hivyo za kuuza, kinaweza kukaa juu miaka mingi.

Sasa kuna mtego wa mwaka wa pili, na huu umewatoa watu wengi machozi. Kodi huku inakadiriwa kwa hali ya mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Ukinunua nyumba mpya mwezi wa Juni, tarehe 1 Januari ya mwaka huo pale palikuwa kiwanja kitupu, labda na mirundo ya mchanga. Kwa hiyo bili ya kwanza inakuja ya ardhi tu. Benki yako, inayokusanya kodi kila mwezi kwenye akaunti ya eskro pamoja na marejesho ya mkopo, inaweza kupanga makadirio yake kwa bili ile ndogo. Mwaka unaofuata inakuja bili ya nyumba nzima. Kiwanja cha dola 60,000 kwa jumla ya asilimia 3 ni dola 1,800. Nyumba ya 350,000 kwa asilimia hiyohiyo, kabla ya misamaha, ni 10,500. Benki inagundua upungufu, inakudai uliopita, na inapandisha malipo ya mbele. Jirani yangu Mnijeria alifungua barua hiyo akiwa amesimama kwenye sanduku la posta, akanionyesha, akaniuliza kama ni utapeli. Malipo yake ya mwezi yalikuwa yamepanda kwa mamia ya dola. Nilikuwa nimeshaambiwa na muuguzi mwenzangu wa Kifilipino, kwa hiyo sisi tangu mwezi wa kwanza tulikuwa tunaweka tofauti pembeni. Mwambie afisa wa mkopo akupigie hesabu kwa nyumba iliyokamilika. Akikataa, ipige mwenyewe.

Msamaha wa makazi, yaani sehemu ya thamani ya nyumba unayoishi isiyotozwa kodi, uombe mara tu unapohamia. Mwaka 2023 wapigakura wa Texas waliupandisha upande wa kodi ya shule hadi dola 100,000 za thamani, na mwaka 2025 ukafika 140,000. Fomu ni ya bure kwenye ofisi ya tathmini ya kaunti. Zile barua zenye mihuri mikubwa zinazokutaka ulipe ili ujaziwe, zitupe. Huhitaji kuwa raia, lakini leseni yako ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyo. Na tathmini ukiiona imezidi, pinga. Tarehe ya mwisho kwa kawaida ni 15 Mei. Baba watoto hupinga kila mwaka kwa raha ya mtu anayekwenda mpirani.

Nirudi kwenye maji, maana Houston ni hadithi ya maji. Agosti 2017 kimbunga Harvey kilisimama juu yetu, na sehemu nyingi za eneo hili zilipata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 ndani ya siku chache. Magharibi ya jiji kuna mabwawa mawili makubwa ya serikali ya shirikisho, Addicks na Barker, yaliyojengwa miaka ya 1940 kulinda katikati ya jiji baada ya mafuriko ya 1929 na 1935. Siku nyingi huwa makavu. Ni mbuga tu, watu wanaendesha baiskeli. Tatizo ni kwamba serikali haikununua ardhi yote ambayo maji yanaweza kuifikia mabwawa yakijaa, na ile iliyobaki ikaja kujengwa mitaa, mingine mizuri kweli, yenye shule nzuri. Harvey ilipokuja maji yakarudi nyuma yakaingia sebuleni kwa watu ambao hawakuwa kando ya mto wowote. Upande wa kaunti ya Fort Bend, baadhi ya ramani za viwanja zilikuwa na maneno madogo yakieleza kwamba ardhi inaweza kufunikwa na maji ya bwawa. Nani husoma ramani ya kiwanja iliyosajiliwa kaunti? Desemba 2019 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba serikali inawajibika kwa wale waliofurikishwa upande wa juu wa mabwawa, lakini kesi ya aina hiyo huchukua miaka, na godoro lililoloa linataka kutupwa siku ileile.

Kwa hiyo ramani ya kiwanja isome, hata kama ni kwa kioo cha kukuzia. Tangu Septemba 2019 muuzaji wa nyumba iliyokwisha kukaliwa anatakiwa kueleza kwa maandishi kama nyumba iliwahi kuingia maji, na kama imo kwenye eneo la bwawa au la mafuriko. Fomu hiyo haimhusu mtu anayeuza nyumba mpya ambayo haijawahi kukaliwa. Nyumba mpya haina historia. Ardhi iliyo chini yake inayo, na itabidi uitafute wewe. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali ni mkataba wa peke yake, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, na mwisho wake ni dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo. Ukiambiwa "hapa si lazima", maana yake benki haikulazimishi tu. Sisi tumeikata.

Chama cha wenye nyumba, HOA, ndicho watu wanachokiogopa zaidi. Mimi nakiweka nyuma ya kodi na maji, ingawa ndicho kinachokusumbua kila wiki. Kuna gari linalopita polepole, mtu ndani ana tableti, anapiga picha. Barua inafuata: pipa la taka linaonekana kutoka barabarani, nyasi zimezidi, uzio unataka rangi. Barua yetu ya kwanza ilikuwa ya kanga. Nilizianika uani kwenye kamba, ua wetu unapakana na njia ya ziwani na uzio wa upande ule ni wa vyuma, unaonyesha ndani. Nguo kuonekana zikianikwa hairuhusiwi. Jua la Texas linaweza kukausha blanketi kabla hujamaliza kukunja mengine, nami naambiwa nichome umeme! Sasa naanika ndani ya gereji, mlango nusu wazi, na feni.

Wenzetu wanaoendesha biashara nyumbani wasome masharti kwa makini zaidi. Dada mmoja alihamia mtaa wa jirani akitegemea kuendelea kusuka wateja sebuleni kama alivyokuwa akifanya apatimenti, na mwingine alikuwa na oda za pilau na sambusa kila wikiendi. Kupika peke yake hakukuwa shida. Magari ya wateja ndiyo yaliyomwitia barua. Kuku hawaruhusiwi. Bustani ya mchicha na sukuma wiki mbele ya nyumba hairuhusiwi kwetu, nyuma sawa. Banda la vyombo, rangi ya mlango, hata sehemu ya kuegesha gari ukitaka kuipanua, vinapitia kamati ya ramani, na kamati huchukua muda wake.

Haki nazo zipo, na wengi hawazijui. Sheria ya Texas inakizuia chama kukunyang'anya nyumba kwa sababu ya faini peke yake, lakini ada ya mwaka usipoilipa, kinaweza kufika hadi mnadani. Ukikwama, chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kuwa na utaratibu wa kulipa kidogokidogo. Uombe kwa maandishi. Alama za dini mlangoni zinalindwa, kwa mipaka fulani. Na chama si chenu tangu siku ya kwanza. Mtaa ukiwa unajengwa, bodi huwekwa na mwendelezaji. Sheria inataka angalau theluthi ya wajumbe wachaguliwe na wenye nyumba si zaidi ya siku 120 baada ya asilimia 75 ya viwanja kuuzwa. Kabla ya hapo mnaweza kupiga kelele mkutanoni, lakini kura hamna.

Kilichonifundisha zaidi kuhusu mtaa huu ni msiba. Baba mkwe alifariki Tanga, na hatukuweza sote kusafiri, kwa hiyo tukaweka matanga hapa. Mnajua wenyewe. Simu moja ikiita, watu wanakuja kutoka Sugar Land, kutoka Spring, kutoka Dallas usiku kwa usiku. Magari yakajaa pande zote mbili za barabara, watu wamekaa gereji na uani, kina mama jikoni, sauti za dua na maongezi mpaka saa saba za usiku. Usiku wa pili akaja konstebo. Alikuwa kijana mwenye adabu, akavua kofia alipoambiwa kuna nini, akaomba tu gari la zimamoto liweze kupita. Wiki iliyofuata barua ya maegesho ikafika, na haikuwa na neno la pole.

Niliumia, siwezi kusema uongo. Lakini jirani wa mkono wa kulia, Mvietinamu ambaye tulikuwa tunapungiana mkono tu, alikuja na sufuria ya wali na kuku, akasema angejua mapema angetoa njia yake ya gari na kuhamisha magari yake. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna jirani hata mmoja aliyekuwa na namba yangu. Kule apatimenti kuta ni nyembamba, watu wanajua ukilia. Hapa kuta ni nene na kila mtu anaingia ndani ya nyumba akiwa bado ndani ya gari. Mlango wa gereji ukishuka ndiyo basi. Mtaa umepangiwa kila kitu isipokuwa hilo. Sasa ikihamia familia mpya kwenye barabara yetu, napita na chapati. Na kwa shughuli kubwa tunakodi ukumbi wa mtaa. Uliza mapema masharti yake, maana wa kwetu unafungwa saa nne usiku, unataka amana, na hauruhusu majiko ya mkaa. Bwawa la kuogelea nalo lina idadi ya wageni kwa kila nyumba. Familia yenye binamu wengi itagombana na mlinzi wa miaka kumi na saba.

Mama yangu alikuja kukaa nasi. Wiki ya kwanza alipenda usafi. Wiki ya pili akaniuliza, "Mwanangu, watu wa hapa wanaishi wapi?" Haendeshi gari, na hakuna basi. Duka la karibu liko ng'ambo ya barabara ya njia sita. Njia za kutembea ni nzuri sana, lakini zinazunguka ziwa na kukurudisha ulipotoka. Hazikupeleki popote unapoweza kununua kitunguu. Kilichomwokoa ni mabibi wa Kihindi na Kipakistani wanaotembea jioni jua likipoa. Akajiunga nao. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya majina ya bizari na idadi ya wajukuu, na ilitosha. Kama mzee atakaa nanyi, au kama gari la familia ni moja, tafuta sehemu ya mtaa iliyo karibu na maduka hata kama haina ziwa. Na ongeza kwenye bajeti barabara za kulipia. Ukifanya kazi katikati ya jiji, barabara za Westpark na Grand Parkway zitakula hela yako kimyakimya kupitia kile kibandiko cha kwenye kioo.

Mambo madogo niyapitie haraka. Nyumba zikiendelea kujengwa jirani, utaokota misumari kwenye matairi. Nunua pampu ndogo ya umeme na ujuane na fundi. Ramani za simu hazitaijua barabara yako kwa muda, jambo la kuchekesha likiwa pizza na lisilochekesha likiwa ambulensi. Udongo ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo kiangazi watu hulaza mipira ya maji kuzunguka nyumba ili msingi usicheze. Bili ya maji ina mstari wa ada ya kupunguza maji ya visima, kwa sababu ardhi ya huku imekuwa ikititia kwa kuvutwa maji chini, na mamlaka ya kuidhibiti huko Harris na Galveston imekuwepo tangu 1975. Shule uliyoonyeshwa na ofisi ya mauzo si ahadi. Wilaya za elimu zinafungua shule mpya mara kwa mara na kuchora mipaka upya. Mtoto wa jirani yetu anaona shule ya msingi kutoka chumbani kwake na anapanda basi kwenda nyingine. Na ile ardhi tupu iliyoandikwa "biashara ya baadaye" inaweza kuwa mgahawa au kituo cha mafuta chenye taa usiku kucha.

Kwenye ununuzi wenyewe, kumbuka kwamba yule dada mkarimu wa nyumba ya maonyesho ni wa kampuni ya ujenzi. Ukitaka dalali wako, nenda naye siku ya kwanza kabisa, kwa sababu kampuni nyingi hazimtambui akija baadaye. Lipia mkaguzi wako mwenyewe mara tatu: kabla zege la msingi halijamwagwa, kabla kuta hazijafunikwa, na kabla ya kusaini. Wetu alipanda darini akakuta upande mzima juu ya chumba cha watoto haukuwekwa sufi ya kuzuia joto. Cheti cha ukaguzi wa kampuni kilikuwa kimeshagongwa. Wakairekebisha siku hiyohiyo bila ubishi, jambo lililonionyesha kwamba si mara yao ya kwanza. Halafu mwite tena mkaguzi ukitimiza miezi kumi na moja tangu usaini, kabla dhamana ya mwaka wa kwanza haijaisha.

Na usinunue mtaa mchanga kama kuna uwezekano kazi ikakuhamisha ndani ya miaka miwili mitatu. Utakapotaka kuuza, mshindani wako atakuwa kampuni ileile iliyokuuzia, bado inajenga barabara ya tatu kutoka kwako, inatoa riba ya chini, friji na mapazia bure. Wewe utatoa nini? Familia moja ya Wakongo upande wa pili wa ziwa ilihamishiwa Ohio na ikaishia kupangisha nyumba, baada ya kwanza kusoma kama chama kinaruhusu kupangisha.

Wifi yangu, baada ya kunisikiliza yote haya, alinunua kwenye mtaa wa mpango wa zamani, uliojengwa miaka ya 1990. Miti ina vivuli, MUD yake imebakiza deni dogo, bodi ni ya wakazi wenyewe, na kila mtu pale anajua maji yalifika wapi mwaka 2017. Mimi ningefanya hivyohivyo. Baba watoto anapinga. Anasema nyumba mpya ina kiyoyozi kipya, dhamana ya muundo ya miaka kumi, na zaidi ya yote paa jipya, na kwa Texas yenye mvua ya mawe hiyo si hoja ndogo. Wifi alipotafuta bima, swali la kwanza aliloulizwa na kila kampuni lilikuwa umri wa paa, na mbili zilikataa kumpa bei mpaka alibadilishe. Mwishowe akamrudia muuzaji, wakakubaliana apunguze bei ya nyumba kwa gharama ya paa jipya, na mafundi wakapanda wiki moja kabla hajahamia.